Vitabu vya rafiki yangu vimefungiwa kabatini, nimwambieje?

Senga, shangazi yetu wa kujibu barua, habari za kazi. Mimi nakusoma kila wiki, hata wateja wangu sokoni nawasomea, lakini sikuwahi kufikiria kwamba siku moja ntakaa chini nikuandikie mimi mwenyewe. Niko Kasese, huku magharibi mwa Uganda, nauza vitenge, nina watoto wanne. Shida yangu si ya mume wala ya shamba, ni ya rafiki. Naomba jina langu usiliweke.

Huyu rafiki nitamuita Masika, si jina lake la kweli, lakini unajua huku kwetu kila msichana mzaliwa wa kwanza ni Masika kwa hiyo hakuna atakayemjua. Tumetoka mbali Senga. Tulikaa dawati moja tangu P.1, yaani darasa la kwanza, dawati la watu watatu tulikuwa tunakaa sita, na kitabu cha Kiingereza kilikuwa kimoja kwa dawati lote, anayekaa katikati ndiye anaona, sisi wa pembeni tunasikiliza tu na kukariri. Masika alikuwa anatoka kwao alfajiri, umande wote unamwishia miguuni, ili awahi kukaa katikati. Nakwambia hili ujue kwamba haya mambo ya vitabu hakuyaanza juzi kwa sababu ya wazungu, yako ndani yake tangu utoto.

Shule zilipofungwa Machi 2020, si unakumbuka zilikaa hivyo mpaka Januari 2022, huku milimani watoto walianza kuchuma kahawa ya watu kwa vibarua, wengine wakawa wanabeba mizigo Mpondwe mpakani na Kongo, wasichana wengine tukasikia tu ameshapata mimba, na hajafika hata P.7. Masika akakusanya vitabu 12, vingine ni vyake vya zamani vya shule, akatandika turubai kwenye veranda yake, akaanza kuwasomea watoto wa jirani kila Jumamosi. Anasoma sentensi kwa Kiingereza, anaigeuza kwa Lhukonzo, lugha yetu ya huku, na kwa wale waliotoka Kongo anaigeuza kwa Kiswahili, watoto wanacheka, wanarudia, wanabishana maana yake. Binti yangu wa pili alijulia kusoma pale pale kwenye turubai, si shuleni, nasema mbele ya Mungu.

Sasa mtu akapiga picha. Ile picha ikatembea mpaka ikafika kwa watu wa nje, wakaguswa, wakaanza kutuma vitabu. Mara ya kwanza katoni 2. Baadaye 9. Mwaka jana zikaja 64. Masika akaniweka mweka hazina manake mimi najua hesabu za biashara, nikakubali kwa roho moja. Lakini katoni haziji zenyewe kutoka Kampala, basi linataka hela, vijana wa kupakua wanataka hela, gari la kupanda mlimani ndo usiseme. Mimi nilikopa kwenye kikundi chetu cha akiba shilingi 850,000, mpaka leo bado nadaiwa laki sita. Na katoni 23 ziko sebuleni kwangu, wageni wakija tunakaa nje.

Yote hayo ningevumilia. Sasa sikia kilichoniuma.

Mwezi uliopita nilipanda kwenye shule fulani, sitaitaja, kupeleka kitambaa cha uniform. Ni shule ambayo tuliipa vitabu 600 mwaka jana, siku ile watoto waliimba, mwenyekiti wa LC, baraza la serikali ya mitaa, akahutubia, Masika akalia kwa furaha. Nikamwomba hedmasta nivione tu vile vitabu vyetu vinaendeleaje. Akasitasita. Ufunguo anauvaa shingoni kwa kamba. Kabati liko ofisini kwake nyuma ya majembe. Akafungua na mimi nikaziona katoni zetu, zimepangwa vizuri, gamu tepu ya kahawia bado iko juu, ile niliyokuwa naikata kwa meno saa sita usiku. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nikashika katoni ya chini kabisa, mkono ukazama, ndani ni udongo, mchwa walishamaliza kazi.

Za juu zilikuwa nzima. Nikachana moja. Kitabu cha kwanza ni cha sheria za kodi za nchi ya watu. Cha pili ni cha kompyuta, cha 1997. Cha tatu ensaiklopidia, namba saba peke yake, sijui moja mpaka sita ziko wapi. Alafu chini yake vitabu vya watoto, vizuri kweli, picha za rangi, kimoja kina mtoto amevaa glavu anachezea theluji. Kulikuwa na msichana wa P.3 hivi amekuja kufagia ofisi, akasimama na ufagio wake anaangalia. Nikampa. Hakukifungua Senga, alikinusa kwanza. Akapangusa mikono kwenye sketi, mkono mmoja alafu mwingine, ndipo akakifungua, akafika kwenye ile picha ya theluji akasema polepole kwa Lhukonzo, "Nzururu," yaani theluji. Hedmasta akakohoa. Mtoto akakirudisha mezani akaendelea kufagia.

Nilirudi kwenye boda nalia.

Nilimuuliza yule hedmasta kwa nini, akaniambia, "Madam, vikipotea ntaulizwa mimi." Ni hilo tu. Shule nyingine niliyopita wamevipanga nyuma ya kioo, havishikwi. Na kuna kurasa nimeziona hapa sokoni kwetu zinafungiwa karanga, nikamuuliza yule mama amezitoa wapi, akaniambia amenunua kwa kilo.

Sasa wale watu wa nje wanakuja mwezi ujao kujionea. Masika anataka nimkusanyie watoto 200, wavae uniform, kila mmoja ashike kitabu, wapigwe picha. Mimi ndiye namtafutia kitenge cha siku hiyo. Ana furaha ambayo sijaiona kwake tangu aolewe. Nikimwambia sahivi namvunja. Nikinyamaza mpaka waondoke, basi nimedanganya pamoja naye na yeye mwenyewe hajui kwamba anadanganya. Mama yangu anasema niache, kazi ya Mungu haisemwi vibaya. Baba watoto anasema nidai hela yangu nitoke. Na watu wameanza kunong'ona kwamba tunakula pesa za wazungu, na daftari liko kwangu. Silali. Nimwambieje? Au ninyamaze?

Mwenye Daftari, Kasese

*

Mwenye Daftari mwanangu, asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa kuchana ile tepu, manake wengine wangeona kabati limefungwa wakageuka wakaenda zao.

Jibu langu la kwanza ni fupi. Aambiwe, na aambiwe kabla ya wageni, wiki hii ikiwezekana. Usisubiri hata kidogo. Kwa sababu hilo kabati litafunguka tu siku moja, kama si wewe ni mgeni ataomba kuona, au ni mmoja wa hao wanaonong'ona, na siku hiyo Masika atakugeukia akuulize ulijua lini. Hapo ndipo urafiki wa tangu P.1 unapofia, wala si kwa kuambiwa ukweli mapema.

Lakini usimkalishe chini ukamhutubia. Ukianza na maneno atajitetea, ni mtu yeyote tu, hata mimi ningejitetea, na ukianza na hesabu ya deni lako atasikia deni peke yake. Mwambie twende mahali. Nyinyi wawili tu, bila baba watoto, bila kamati, mpigie hedmasta simu mapema ili asione amevamiwa. Mwache Masika aombe ufunguo mwenyewe, afungue mwenyewe, atie mkono wake kwenye ile katoni ya chini kama wewe ulivyotia wako. Wewe nyamaza. Huo udongo utamwambia vyote, na ataupokea vizuri kuliko maneno yako kwa sababu hauna wivu naye.

Anaweza kukasirika. Anaweza kukwambia umekuwa unamchunguza, au unataka kuharibu siku yake. Mvumilie siku mbili tatu, endelea kumtafutia kitenge chake, mpelekee sombe kama mlivyozoea. Huyu mtu alitembea kwenye umande ili aone ukurasa. Hawezi kukaa na kabati hilo moyoni akaridhika, wewe mwenyewe unamjua kuliko mimi.

Sasa ngoja nimzungumzie hedmasta, manake nimeona barua yako ina hasira naye kidogo na nakuelewa. Mimi nilifundisha miaka 11 kabla ya kuanza kazi hii ya kujibu barua zenu, na nimewahi kushika ufunguo kama wake. Nilikuwa na atlasi 4 kwa darasa la watoto zaidi ya 90. Nilizifungia miaka miwili. Panya wakazila, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuona mto Nile kwenye ule ukurasa, na muda wote huo mimi niliamini nazitunza. Tangu UPE, ile elimu ya msingi bure, ianze 1997 watoto walijaa madarasani, ni jambo jema sana, lakini vitabu havikujaa hivyo hivyo, na mwalimu mkuu wa shule ya kijijini anaishi na mali za watu wengine, akija mkaguzi anauliza daftari la mali, akija mfadhili anauliza vile vitabu viko wapi. Hakuna anayekuja kumuuliza ni mtoto gani amesoma nini. Sasa mtu anayeulizwa idadi tu atalinda idadi. Na nyinyi pia, samahani mwanangu, mlipompelekea 600 kwa nyimbo na hotuba mlimkabidhi mzigo wa kulinda, hamkumwachia ruhusa ya kupoteza.

Hiyo ruhusa apewe, tena kwa maandishi. Masika aandike barua kwa kila shule, atie sahihi, aseme vitabu hivi ni vya kushikwa, vitachanika, vingine vitapotea, na hakuna mwalimu wala mzazi atakayelipishwa. Hedmasta aibandike ofisini. Mtaona wenyewe huo ufunguo utakavyoshuka shingoni.

Lakini barua peke yake haitoshi, na hapa ndipo nataka ukae nami vizuri.

Wako watu watakaokwambia shida ni vitabu vya kizungu, ati mtoto wetu na theluji wapi na wapi. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo, na kwa vile vya kodi na kompyuta za 1997 nasema hivyo hadi leo, huo ni uchafu wa nyumba za watu umepewa jina la msaada. Lakini msome tena mtoto wako wa ufagio. Yeye theluji anaijua! Asubuhi mawingu yakifunguka Kasese, mnaona ule weupe kule juu ya milima yenu, ambayo kilele chake Margherita kina mita 5,109, na jina lenyewe la ufalme wenu wa Rwenzururu limetoka kwenye hiyo nzururu, na mabibi zenu wanawasimulia Kitasamba, yule roho wa mlima anayekaa kule juu. Kwa hiyo yule mtoto alikuwa na neno tayari mdomoni. Alichokosa ni mtu wa kukaa pembeni yake amwambie, ndiyo, nzururu, na hapa wameandika hivi, sasa tusome wote tuone huyu mtoto anafanya nini nayo.

Na huyo mtu mnaye. Wewe mwenyewe umeniandikia, anasoma kwa Kiingereza, anageuza kwa Lhukonzo, anageuza kwa Kiswahili, watoto wanabishana maana. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilisimama nikarudia kusoma. Vitabu 12 na turubai vilimfundisha binti yako kusoma, katoni 64 zimelisha mchwa. Kilichopotea katikati ni ile Jumamosi. Umeniambia zilivyoanza, umeniambia katoni zilivyokuja, hujaniambia zile Jumamosi ziliishia wapi, na naona kama ziliisha kimya kimya wakati Masika anahangaika na basi na wapakuaji. Mrudishie hizo. Ukishamfikisha kabatini, akishalia, mwambie ile veranda watoto bado wanaikumbuka.

Kwa vitendo mimi ningefanya hivi. Hizo katoni 23 za sebuleni mzichane zote, mchambue. Vya watoto weka huku, vya sekondari vinavyofaa weka kule muulizeni mwalimu wa somo kama anavitaka, takataka zitupeni bila aibu. Mkishapata vitabu 40 vizuri mwiteni seremala awatengenezee sanduku la mbao lenye kifuniko, lenye miguu, na miguu isimame ndani ya makopo yenye oil chafu ya gari, mchwa hapandi hapo. Sanduku moja, kijiji kimoja, Jumamosi moja. Wasichana wakubwa wa P.6 wawasomee wadogo, wanapenda sana kupewa kazi hiyo na wenyewe wananyooka kusoma bila kujua. Daftari la kuazima lishikwe na mtoto, jina, kitabu, tarehe, basi. Sanduku likishachakaa kwa kushikwa ndipo muongeze la pili. Na msidhani ni kidogo, ile maktaba ya jamii ya Kitengesa kule Masaka ilianza 1999 kwa sanduku tu la vitabu, leo ina jengo na watu wa rika zote wanaingia, na tangu 2007 kuna muungano wa maktaba za jamii nchi nzima, waandikieni, wamepita kwenye haya haya yenu.

Jambo la lugha msiliache. Mtaala wetu tangu 2007 unasema P.1 mpaka P.3 mtoto afundishwe kwa lugha ya nyumbani, P.4 ndipo anaanza kuvukishwa kwenda Kiingereza. Sasa mtoto wa P.2 ukimpa hadithi ya Kiingereza kurasa 60 peke yake umempa ukuta. Kuna mradi unaitwa African Storybook, wa shirika la Saide la Afrika Kusini, hadithi fupi fupi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kipo, Luganda ipo, ni bure, na wameruhusu mtu achapishe na hata atafsiri. Masika anayegeuza sentensi kwa mdomo anaweza kuziandika hizo kwa Lhukonzo, ukazipeleka kwenye duka la fotokopi, zikabanwa pini mbili, mtoto akapata kitabu anachoelewa chote tangu mstari wa kwanza. Na kwa Kiswahili, serikali iliamua Julai 2022 kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, ilhali shule nyingi hazina hata kitabu kimoja cha lugha hiyo. Hapo wafadhili wenu wana kazi ya kweli ya kufanya.

Maana yake inabidi waandikiwe. Najua mnaogopa, mnafikiri mkichagua wataona hamna shukrani. Andikeni tu kwa heshima: "Vitabu vyenu vya watoto vimetufurahisha, tunavyo vya kutosha kwa sasa. Nauli ya katoni moja kutoka huko mpaka kwetu inaweza kutununulia vitabu Kampala kwa lugha ambazo watoto wetu wanazielewa. Tunaomba mtusaidie hivyo, na tutawaandikia ni watoto gani wanakuja na wanasoma nini." Mtu mwenye nia njema atapumua, manake na yeye anachoka kufunga katoni hajui zinaishia wapi. Na yule atakayekasirika kwa sababu mmekataa ensaiklopidia namba saba, mwacheni aende.

Wageni waje. Ila wale watoto 200 hapana, mwanangu. Usimkusanye mtoto yeyote asimame juani ameshika kitabu ambacho jioni kitarudi kabatini, mtoto anaelewa kabisa anachofanyiwa hata kama hasemi. Wageni waje Jumamosi, wakute watoto 30 kwenye turubai, Masika anasoma, wakae chini wasikilize kama watu wengine. Na mwoneshe mgeni lile kabati pia, na udongo wake. Masika aseme mwenyewe, hapa tulikosea, sasa tunafanya hivi. Picha zipigwe kama mzazi amekubali, muulizeni kabla, tena sheria yetu ya 2019 ya kulinda taarifa za watu inataka ruhusa ya mzazi kwa habari za mtoto, na hata bila sheria nafikiri wewe kama mama usingependa kumkuta wako kwenye ukuta wa watu amepewa jina la maskini.

Kuhusu hela. Baba watoto ana haki kwenye sebule yake, weka tarehe, wiki mbili katoni ziwe zimetoka, na mwambie umeweka tarehe, atatulia. Deni la kikundi liandike lote, lini, kiasi gani, la nini, umpe Masika nakala, na pesa ya kwanza itakayoingia imalize hiyo laki sita mbele ya watu wote. Usisamehe deni hilo kwa sababu ya urafiki, ni pesa za wanawake wa kikundi, si zako. Alafu kuanzia hapo pesa ya vitabu isipite tena kwenye simu yako wala ya Masika. Nendeni kwa CDO, afisa maendeleo ya jamii wa sabkaunti, awaelekeze kusajili CBO, yaani kikundi cha kijamii, wilayani, mfungue akaunti ya sahihi tatu, na kila kilichoingia na kilichotoka kiandikwe kwenye karatasi kibandikwe hapo veranda. Minong'ono haijibiwi kwa mdomo, ikute karatasi.

Mama yako msalimie sana. Mwambie kazi ya Mungu hamjaisema vibaya, mmeifungua tu kuona ndani kukoje, na kama ana hadithi za Kitasamba muombe aje Jumamosi moja awasimulie watoto wakati Masika anaandika.

Na siku mtakapopanda huko shuleni na Masika, kabla ya kabati, kabla ya hedmasta, muulizie yule msichana wa ufagio. Mpe kile kitabu cha theluji aende nacho nyumbani. Andika jina lake na tarehe kwenye daftari lako, ukurasa mpya, mstari wa kwanza. Akikirudisha niandikie. Asipokirudisha pia niandikie, nataka kujua nani mwingine kwao anakisoma.

Senga